Jino Lisilo na Mdogo

Kila ninapofungua boksi jipya la glavu pale saluni kwangu, mdomo hunijaa mate. Mniwie radhi kwa kuanza na mate, lakini ndivyo kumbukumbu hii inavyonijia. Ni harufu ya mpira mpya na ile poda nyeupe inayobaki vidoleni. Glavu nazivaa kwa sababu dawa ya kulainisha nywele inachoma ngozi, na kabla sijagusa kichwa cha mteja nakuwa tayari nimerudi darasa la tatu, nina miaka minane, nimeketi juu ya dawati badala ya nyuma yake, kichwa kimeinamia nyuma, na vidole viwili vya mtu nisiyemjua vinatembea juu ya ufizi wangu. Vilikuwa na ladha ya puto.

Nawasimulia ninyi kwa sababu wateja wangu wamechoka kunisikia. Msusi huona mengi. Mwanamke akicheka mbele ya kioo namwona mpaka jino la mwisho, na siku hizi nimepata tabia ya kuuliza: mtoto wako alitazamwa meno lini? Wote wananijibu jibu moja, "Haiko anaumwa." Nimejibiwa hivyo mara nyingi hata nimeanza kuvuta nywele za watu kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na mteja mmoja amekwisha kuhamia kwa jirani.

Tulikuwa tunaishi Kadutu, kwenye mteremko, katika nyumba ambayo Papa aliijenga kwa mikono yake. Papa alikuwa mwashi, na Bukavu mwashi hakosi kazi, maana nyumba zetu zimekaa juu ya milima inayopenda kusogea. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, ukuta wa mtu unapasuka. Walikuwa wanamwita kutoka Bagira mpaka Panzi aje asikilize kuta zao. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akagonga tena, kisha akaonyesha mahali penye ufa ambao hata rangi ilikuwa bado haijauonyesha. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa baba yangu, na nikilifikiria hilo nakasirika upya.

Kuhusu meno, sheria za nyumbani zilikuwa chache. Burosi tulipiga Jumapili kabla ya misa, kwa heshima ya Mungu. Siku nyingine tulisukutua kwa chumvi kidogo kwenye kidole, kama maji yalikuwepo. Maji ya kupandishwa na kidumu kichwani kutoka bondeni hayamwagwi ovyo kwa ajili ya mdomo, alisema Maman. Jino likilegea, tulilitikisa kwa ulimi siku nzima mpaka likatoka, kisha ikawa sherehe. Papa alitutoa nje, mtoto akageuza mgongo kwenye nyumba, akalirusha jino kwa juu ya bega, na sote tukasikiliza. Likigonga bati na kubaki huko, tulipiga makofi, na Papa ndiye aliyepaza sauti kuliko wote kumwomba ndege achukue la zamani alete jipya. Ndege hakuwahi kutuangusha. Meno yangu ya mbele manne yalipanda juu ya bati lile, na mengine manne yakaja, makubwa, yamepishana kidogo, lakini yalikuja.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini hatukuwa na wasiwasi.

Shule yetu ilikuwa ya masista. Siku moja Sista Mkurugenzi alitutangazia mstarini kwamba daktari wa meno angekuja kututazama vinywa, watoto wote, wanaoumwa na wasioumwa, na kwamba hakuna atakayeng'olewa. Kusema hivyo kulitupa hakika kwamba tutang'olewa. Asubuhi ya siku yenyewe, mvulana mmoja alijifungia chooni, wawili walipitia dirishani, na msichana niliyekaa naye dawati moja alikuja na rozari ya mama yake. Mimi sikukimbia, lakini msinisifu: nilikuwa nimekaa upande wa ukuta na sikuwa na pa kupitia.

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo, na alinukia sabuni. Alikuwa na taya kubwa la plasta na burosi kubwa kama ya kusugulia sakafu, akatuonyesha jinsi ya kusugua: juu kwenda chini, nyuma kabisa, taratibu, na zaidi ya yote kabla ya kulala. Tulicheka. Kabla ya kulala? Nani anamwonyesha nani meno usiku?

Zamu yangu ilipofika aliingiza kioo chake kidogo, akatazama, akatazama tena upande wa kulia chini. Alikuwa na kijiti cha chuma chenye ncha, akagusa mahali fulani nyuma, nami nikasikia kitu kama umeme mdogo. Akavua glavu. Akainama mpaka uso wake ukalingana na wangu, akazungumza nami kama mtu anayemtuma mtu mzima ujumbe.

"Zile za utoto ziko na badogo yao chini, ziko nangojea zamu," alisema. "Hii ya nyuma haina mudogo. Ilikuja peke yake wakati ulikuwa na miaka sita, na utaenda nayo mupaka uzee. Iko na tundu kidogo. Tutaliziba, haitauma. Sema vile kwa papa na maman."

Akanipa karatasi ya rangi ya waridi. Waliokuwa na meno mazuri walipewa nyeupe, maana yake tutaonana mwaka ujao. Ya waridi ilimaanisha uende kliniki na mzazi. Hakukuwa na malipo, masista walikwisha kupanga yote, mradi uende kabla trimestre, ule muhula wa shule, haijaisha. Nawaeleza hili msije mkafikiri kwamba ni umaskini uliolinyima jino langu tiba. Ningekuwa na amani zaidi kama ungekuwa umaskini.

Nilishuka kwenda nyumbani nikirudia ule ujumbe njiani, nisisahau neno. Nilikuwa wa mwisho katika watoto watatu, na sikuwahi kutumwa kitu cha maana zaidi ya chumvi.

Jioni, tukiwa tumezunguka bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, nilimpa Papa karatasi. Aliisoma yote, polepole, mpaka chini penye sahihi. Akaniuliza kama jino linauma. Nikasema hapana. Akauliza kama najua meno ya watoto huwa yanafanya nini. Nikasema yanaanguka, lakini hili halina mdogo, daktari kasema. Kaka yangu Cito akasema basi limefanana na mwenyewe, maana hata mimi sina mdogo, na kicheko kikaizunguka meza. Maman akasema kwamba hospitali si kwa jirani, ya kwenda kusalimia. Papa akaikunja ile karatasi mara mbili na kuiweka chini ya redio.

"Ukuta ya kubomoa," akasema, "hatuipigake krepi."

Na kwa kweli, kama msingi wa hoja yake ungekuwa sawa, neno lile lingekuwa na akili. Nani anapaka plasta ya simenti kwenye ukuta utakaovunjwa kesho? Nilijaribu tena kusema kwamba huu si ukuta wa kubomolewa, kwamba huu ndio wenyewe, lakini mtoto wa miaka minane akibishana na mwashi juu ya kuta, mnajua mwisho wake. Niliambiwa nile. Nilikula upande wa kushoto, nikilia kwa hasira, machozi yakiingia kwenye sambaza. Wiki ile ile mwalimu alituandikisha methali ubaoni, usipoziba ufa utajenga ukuta, tuinakili mara kumi kwa hati nzuri. Niliinakili mara kumi. Nilipata alama zote, na Papa akatia sahihi kwenye daftari bila kuwaza lolote.

Nilichofanya baadaye bado kinanishangaza. Niliichomoa ile karatasi chini ya redio nikaenda kliniki mwenyewe, baada ya masomo, na sare yangu na begi mgongoni. Ilikuwa mbali kwa miguu yangu: kushuka ngazi za udongo, kuvuka barabara, kupanda upande wa pili. Kwenye meza alikaa mama mmoja mwenye miwani. Alichukua karatasi, akatazama nyuma yangu kumtafuta mtu mzima, akaona mlango tu.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

Akanirudishia karatasi kwa upole na kuniambia nirudi na mkubwa. Nikaomba nipumzike kidogo kwenye benchi, akakubali.

Kwenye benchi palikuwa na msichana wa umri wangu, soksi nyeupe mpaka magotini, na mama yake. Nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi popote, wamekuja kutazamisha tu. Huja kila baada ya miezi sita. Nilidhani ananitania. Kisha akaitwa, mlango ukabaki wazi nusu, nikamwona anapanda kwenye kile kiti kikubwa, anafungua kinywa, anafunga, anashuka. Hakukaa hata muda wa kusali Salamu Maria kumi. Alitoka anatabasamu na kile kijisoksi chake kimoja kimeteremka. Nilimchukia kwa moyo wote. Mimi mwenye tundu nimerudishwa, yeye asiye na kitu amehudumiwa, na bado walimwambia ahsante kwa kuja.

Wiki iliyofuata alikuja koko, mama yake Maman, kutoka Nyangezi, na kapu la maharage mabichi, kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa mjomba. Koko hakuwahi kuninyima kitu. Nilimnong'oneza habari zote nikimsaidia kumenya maharage, na yeye hakucheka hata kidogo. Alisema kama kinachotakiwa ni mtu mzima, yeye ni mzima wa kutosha. Kesho yake, Maman akiwa sokoni, alivaa kitenge chake cha misa, akanishika mkono, tukaenda.

Mama wa miwani alitupokea vizuri. Nilimtazama kama mtu aliyeshinda kesi. Tuliingia wote wawili ndani, na hapo ndipo daktari alipoona kwamba koko ameshika shavu. Kumbe alikuwa na jino lililomsumbua tangu msimu wa mahindi na hakumwambia mtu. Daktari alimwomba akae kidogo kwenye kiti, amtazame tu. Ni mkubwa, aanze yeye. Nami, mtoto niliyelelewa kwa adabu, nikasogea kando na kumpisha.

Jino la koko lilikuwa limeoza mpaka mzizi. Alikubali lisitolewe siku nyingine bali siku ile ile, kwa kuwa, alisema, miguu yake haitamleta huko mara ya pili. Alichomwa sindano, akang'olewa, hakutoa sauti. Kisha nikapanda mimi. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Daktari akavaa glavu mpya, ile harufu ikanijia, nikafungua kinywa kwa furaha ambayo sijui kama mtoto mwingine amewahi kuwa nayo mahali kama pale. Mashine ikaanza kulia. Ikalia sekunde mbili, tatu. Halafu ikanyamaza, na taa juu yangu ikazimika.

Tulingoja. Ninyi wa Bukavu mnajua kungoja umeme ni nini. Daktari alitoka nje kutazama nyumba za jirani kama nazo zimezimika, akarudi, akatoka tena. Koko alikuwa amekaa kwenye kona, pamba mdomoni, amefumba macho. Mwishowe daktari akaja akasimama karibu nami, na niliona kwamba naye ana hasira, si na mimi.

"Kung'oa naweza kwa mukono," akasema. "Kuziba, hapana. Mashine inataka courant. Mujue kurudi siku ya nne."

Siku ya nne koko alikuwa amekwisha kurudi Nyangezi. Lakini kabla hajaondoka alifanya jambo moja, bila ubaya wowote, lililonimaliza kabisa. Tulipofika nyumbani, Maman alipomwona na pamba na damu, akauliza kumepita nini. Koko, ambaye ulimi wake ulikuwa bado mzito kwa ganzi, akajibu kwamba mtoto alimpeleka kung'olewa jino.

Ilikuwa kweli kabisa, neno kwa neno. Kicheko kilidumu wiki nzima. Papa alimsimulia kila mteja. Majirani waliniita daktari. Na kilichobaki vichwani mwa watu, baada ya kicheko, ni kwamba kule kliniki ukiingia mzima unatoka na pengo: wametangaza kuziba, tazama walichomfanyia bibi wa watu. Maman akasema hakuna mtoto wake atakayekanyaga tena. Trimestre ikaisha, karatasi ya waridi ikatumika kufungia chumvi. Koko mwenyewe aliniombea baraka mpaka kufa kwake kwa sababu hajaumwa tena, na kila aliponiombea nilitamani kupiga kelele.

Kuanzia hapo jino langu liliishi maisha ya mgonjwa asiyepelekwa hospitali. Lilipoanza kuuma kwa maji baridi, niliambiwa ninywe ya vuguvugu. Lilipoanza kuuma hata kwa ya vuguvugu, niliwekewa karafuu. Kisha chumvi ya mawe, kisha aspirini ya kusagwa iliyonibabua ufizi, kisha pamba yenye petroli ya kuwashia taa, ambayo ilinifanya ninukie kama taa yenyewe. Shangazi alikuja kutoka Sange na mzigo wa miwa, ile mirefu ya bondeni, yenye sukari mpaka kwenye kifundo, na watoto wa parseli yote, kiwanja kizima, wakakaa chini kutafuna. Mimi nilikatiwa vipande vidogo nikavimumunya kama mtoto mchanga. Na kila nilipolia nilijibiwa kwa upendo, nawaapia, kwa upendo wa kweli: vumilia mwanangu, liko karibu kuanguka, likianguka utapata zuri.

Nilivumilia miaka mitatu. Nilikuwa na kumi na moja shavu lilipovimba hata jicho likafunga. Homa ikapanda. Papa hakusema neno la krepi siku hiyo. Alinibeba mgongoni, mtoto mkubwa niliyekuwa, miguu yangu ikimgonga magoti, mpaka kliniki ile ile. Daktari alikuwa yule yule, tumbo limeongezeka. Alinitambua. Alinipa dawa za kushusha uvimbe, akaniambia nirudi baada ya siku kadhaa, na nilipopanda tena kwenye kile kiti umeme ulikuwepo, unawaka vizuri, hakuna aliyeuhitaji. Kung'oa ni kazi ya mkono.

Alipomaliza alilifunga jino kwenye karatasi akampa Papa, na akamwambia bila ukali:

"Papa, hii ilikuwa jino ya maisha. Hairudiake, kwa mutu yeyote."

Nilimtazama Papa. Nilikuwa nimengoja siku ile kwa miaka mitatu, siku ambayo mtu mkubwa angemwambia mkubwa mwenzake kile nilichokisema mimi mezani. Nilitaka ageuke, aniambie, mwanangu, ulisema. Hakugeuka. Alikuwa anatazama sakafu, akalitia jino mfukoni, akashukuru, akanishika mkono.

Nyumbani Maman, ambaye hakuwepo kliniki, aliandaa sherehe kama kawaida. Tulitoka nje. Papa alinipa jino, akaingia ndani na kufunga mlango. Mimi nilikuwa nimemsikia daktari kwa masikio yangu, lakini nilikuwa na miaka kumi na moja na mama yangu alikuwa anapiga makofi. Nililirusha. Liligonga bati na kubaki. Miezi mingi nilipapasa lile pengo kwa ulimi, asubuhi na jioni, nikitafuta ncha yoyote ngumu. Nilipokosa nilijiuliza kama sikulirusha vizuri, kama ningelirusha juu zaidi.

Hayo ndiyo niliyoyabeba. Pengo si kitu kikubwa, watu wana mapengo. Ila meno ya jirani yake yamelalia upande, nikitafuna nyama inaingia huko, na kila inapoingia nakumbuka karatasi ya waridi. Nilijiandalia maneno ya kumwambia Papa siku moja. Niliyapanga vizuri, niliyarudia nikisuka watu. Yalianza na: wewe uliyesikia nyufa za nyumba za watu wote.

Mwaka huu binti yangu Ansima ametimiza miaka sita, na nyuma kabisa, mahali pasipoanguka kitu, likachungulia jino jipya. Kliniki nampeleka kila miezi sita tangu ana miaka minne, anaumwa haumwi, na Maman hachoki kusema napenda hospitali. Nyumbani anapiga burosi kabla ya kulala mimi nikiwa nimesimama juu yake, na kama maji ni ya kikombe kimoja, kikombe hicho ni cha meno. Safari hii Papa alitusindikiza. Amezeeka, hapandi tena jukwaa la waashi, anapenda kutembea na mtoto.

Daktari wa siku hizi ni msichana mdogo, mwepesi wa maneno. Alimtazama Ansima, akampaka juu ya lile jino jipya kitu cha kufunika vijibonde vyake lisitoboke, akamwonyesha tena namna ya kusugua nyuma. Ikaisha. Kiti kikawa kitupu, na hakukuwa na mwingine anayengoja, basi akamwambia Papa naye apande, amtazame bure. Papa alikataa. Akakataa tena. Ansima akamshika kidole akamvuta, akapanda.

Niseme ukweli, maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuona ndani ya kinywa cha baba yangu. Nani huangalia kinywa cha baba yake? Daktari alikuwa anahesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, akasimama. Akauliza haya mawili ya chini, kulia na kushoto, ya nyuma, yalitoka lini, kwa sababu ufizi umejifunga kama wa mtu aliyeyapoteza zamani sana.

Papa akafunga kinywa. Alipofungua tena hakuzungumza na daktari, alizungumza na mimi.

"Kule Luhwindja, nilikuwa na miaka kumi. Yaliuma, bakayang'oa, tukayatupa juu ya nyumba. Hayakurudi. Nilikuwa nimeiba kuku ya jirani nikakana, na Mama akasema meno ya muongo hayarudiake. Nikawaza ni mimi tu."

Nikauliza jambo ambalo nililiandaa kwa miaka yote, lakini lilitoka dogo, bila ukuta wala nyufa ndani yake: na ile karatasi yangu, Papa?

"Wewe haukuwa mutoto ya uongo," akasema. "Nilijua yako itarudi."

Ansima alikuwa anacheza na kanyagio la kiti, kinapanda kinashuka, na Papa juu yake, amejishika. Nilimwacha acheze. Nilikuwa nimekasirika bado, nimekasirika hata sasa ninapowaandikia, maana ushahidi ulikuwa nyumbani kwetu tangu mwanzo, ulikuwa unakula nasi bugali kila jioni, na neno moja tu kutoka kinywani kile lingeliokoa jino langu na kumwondolea yeye aibu ya kuku mmoja. Lakini yale maneno yangu niliyoyapanga hayana tena wa kuambiwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani wakubwa hawakunisikiliza kwa sababu walijua kuliko mimi. Sikujua kwamba mtu mzima, mwenye watoto watatu na nyumba aliyoijenga mwenyewe, anaweza kuwa bado anangojea meno yake.